Usaha, pleti na diski ya sefoksitini: jibu la stafi linavyopatikana na linavyoharibika

Jibu la maabara likisema "stafi, sugu kwa karibu kila dawa", swali langu la kwanza si dawa ipi imebaki. Nauliza usaha ulichukuliwaje, agari (jeli ya kuoteshea bakteria kwenye pleti, yaani sahani ya maabara) ilimiminwa unene gani, na diski (vipande vidogo vya karatasi vyenye dawa) zilihifadhiwa wapi umeme ulipokatika. Usugu wa stafi upo na unaua. Ila sehemu ya usugu tunaousoma kwenye karatasi tumeutengeneza wenyewe mezani, na sehemu ya usugu wa kweli inatupita bila kuonekana kwa sababu hizohizo. Kwa hiyo andiko hili ni la wenzangu wa maabara, matabibu na wauguzi wanaotuletea sampuli, na wauzaji wa maduka ya dawa. Kila mmoja wetu ana mahali pake pa kuharibu au kuokoa jibu.

Stafi, yaani bakteria Staphylococcus aureus, makazi yake makuu ni puani. Takriban watu watatu katika kumi wanaye muda huu, hawaumwi chochote. Shida huanza ngozi inapochanika: jipu, kidonda cha upasuaji kilichotunga usaha, jipu la ndani ya msuli ambalo madaktari wa ukanda wetu wa joto wanalijua sana, mfupa uliooza kwa ndani, na hatimaye damu na valvu za moyo. Uchambuzi mkubwa wa vifo vya mwaka 2019 ulimhusisha bakteria huyu na vifo zaidi ya milioni 1 duniani, na zaidi ya vifo 100,000 vilibebeshwa moja kwa moja usugu wa aina tunayoiita MRSA, yaani stafi sugu kwa methisilini.

Alivyojifunza

Alexander Fleming aliona ukungu ukiua stafi kwenye pleti, London, mwaka 1928. Penisilini ilipoanza kutumika kwa wagonjwa katika miaka ya 1940, stafi wasiokufa kwa dawa hiyo walionekana papo hapo. Mary Barber, katika hospitali ya Hammersmith, London, alihesabu: mwaka 1946 stafi sugu walikuwa kama asilimia 14 ya aliowapima, mwaka uliofuata 38, na mwaka 1948 wakafika 59. Miaka miwili tu. Silaha yao ilikuwa kimeng'enya kinachokata kiini cha penisilini kabla haijafika kwenye ukuta wa bakteria. Leo stafi wengi sana duniani wanacho kimeng'enya hicho, ndiyo maana penisilini, ampisilini na amoksisilini zikitumika peke yake kwa jipu ni kupoteza hela na muda.

Methisilini ilitengenezwa kwa makusudi isikatwe na kimeng'enya hicho. Ilianza kutumika Uingereza kati ya 1959 na 1960, na mwanzoni mwa 1961 Patricia Jevons tayari alikuwa ametangaza stafi wasioijali. Hawa hawakukata dawa. Walikuwa na jeni mpya, mecA, inayotengeneza protini mbadala ya kujengea ukuta, ambayo dawa za jamii ya penisilini haziwezi kuikamata. Dawa inaziba mafundi wa kawaida wote, na fundi huyo mmoja anaendelea kujenga.

Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2017 ulipiga hesabu za kurudi nyuma ukakuta kwamba ukoo huo wa kwanza wa MRSA ulipata mecA katikati ya miaka ya 1940, zaidi ya miaka kumi kabla ya methisilini kuwepo. Matumizi makubwa ya penisilini yenyewe ndiyo yaliyouandaa. Mwaka 2022 ukaja mwingine kuhusu kalunguyeye wa Ulaya: kwenye ngozi zao huishi kuvu anayetoa dawa za jamii ya penisilini, na stafi wanaoishi naye walikuwa wameshapata jeni ya mecC, ndugu ya mecA, katika karne ya 19, kabla binadamu hajatengeneza antibayotiki hata moja. Natoa mifano hii kwa sababu moja. Usugu wa dawa mpya unaweza kuchaguliwa na dawa ya zamani tunayoitumia ovyo leo, na kubadilisha dawa peke yake hakujawahi kumshinda stafi.

Hapo ndipo naingia kwenye kapsuli zile za ampisilini na kloksasilini pamoja, ambazo watu wengi huziita Ampiclox hata kama zina jina lingine. Kapsuli ya miligramu 500 ina 250 za ampisilini na 250 za kloksasilini. Mbele ya stafi mwenye kimeng'enya, ampisilini inakatwa, kwa hiyo anayefanya kazi ni kloksasilini peke yake, na ni nusu ya kipimo cha kawaida cha mtu mzima, yaani miligramu 500 kila baada ya saa 6. Mgonjwa anaamini kameza 500. Tena wengi humeza mara tatu baada ya kula, wakati kloksasilini hunyonywa vizuri tumbo likiwa tupu, saa moja kabla ya chakula au mbili baadaye. Shirika la Afya Duniani limeuweka mchanganyiko huu kwenye orodha ya dawa zisizopendekezwa. Na kufungua kapsuli ukamwagia unga wake kwenye kidonda ni kumfundisha stafi usugu kwa dozi ndogondogo, huku unga ukigandamana na usaha na kuuzuia usitoke.

Sampuli

Jipu au jeraha lenye usaha lina tabaka mbili za bakteria: wa juu, wanaotoka kwenye ngozi, nzi na bandeji, na wa ndani, wanaoleta ugonjwa. Swabu iliyopitishwa juu ya usaha wa tangu jana inatuletea wa juu. Safisha kwanza kwa maji ya chumvi yaliyotakaswa, futa uozo, ndipo uchukue kutoka chini au pembeni kwenye nyama hai. Kwa jipu ambalo halijapasuka, paka ngozi spiriti ya asilimia 70, iache ikauke yenyewe, kisha vuta usaha kwa bomba la sindano. Mililita 1 inatosha, 5 ni raha. Uhamishie kwenye chupa tasa yenye kifuniko cha kuzungusha. Usitume bomba likiwa na sindano yake, maana anayelipokea ana vidole.

Usaha ndani ya bomba au chupa ni bora kuliko swabu siku zote. Kama kuna swabu tu, iwe kwenye chombo chenye lishe ya usafirishaji ya Amies au Stuart. Swabu kavu kwenye joto la mchana hufa njiani. Bila lishe hiyo ifikishe maabara ndani ya saa 2, katika joto la kawaida la chumba.

Fomu nayo ni sehemu ya sampuli. "Kidonda" hakutuambii kitu. Andika kidonda kipi, upande gani, siku ngapi tangu upasuaji, na dawa alizokwisha kumeza, pamoja na zile za dukani ambazo mgonjwa huona haya kuzitaja. Muulize kwa upole. Na sampuli ichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa mgonjwa yuko hali mbaya kiasi kwamba kusubiri ni hatari.

Kumtambua

Kwenye kioo kilichopakwa rangi za Gram tunatafuta viduara vya zambarau vilivyosongamana vishada vishada, pamoja na chembe nyeupe za damu. Ukisuuza kwa asetoni sekunde chache zaidi ya inavyotakiwa, stafi anageuka waridi na unapotea njia. Chembe nyeupe nyingi bila bakteria yeyote: mgonjwa huenda ameshatumia dawa.

Agari ya damu itengenezwe kwa damu ya kondoo. Najua benki ya damu huwa na chupa zilizopita muda na inauma kuzitupa, lakini damu ya binadamu ina kingamwili, ina sitrati (ya kuzuia damu isigande), na wakati mwingine ina antibayotiki za mchangiaji. Agari ya chumvi na manitoli, yenye chumvi asilimia 7.5, huzuia wengi na kumwacha stafi akigeuza rangi kuwa njano. Ila njano si hukumu. Wapo ndugu zake wa ngozi wanaofanya hivyo pia, kwa hiyo koagulasi, kipimo cha kuona kama bakteria anagandisha plazma, haiepukiki.

Anza na katalasi, kipimo cha mapovu ambacho stafi hutoa, kwa haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, na koloni isitoke kwenye agari ya damu kwa sababu chembe nyekundu zenyewe hutoa mapovu. Kisha koagulasi ya bomba: plazma ya sungura yenye EDTA, mililita 0.5, changanya koloni mbili au tatu, nyuzi 37. Angalia kila baada ya saa moja hadi saa ya 4, ukiinamisha bomba taratibu bila kulitikisa. Hapa watu wengi huteleza. Wanaweka jioni, wanasoma asubuhi, bomba ni maji, wanaandika "si aureus". Baadhi ya stafi hutengeneza kimeng'enya kinachoyeyusha donge walilolitengeneza wenyewe, hivyo donge lilikuwepo saa ya 3 na asubuhi halipo. Soma saa ya 4 kwanza. Lisipotokea, ndipo uache hadi saa 24. Plazma ya binadamu yenye sitrati ina kosa la upande wa pili: entarokoka (bakteria wa utumbo, wasiotoa mapovu ya katalasi) wanaweza kuila sitrati na plazma ikaganda, ukampa jina ambalo si lake. Katalasi ingekuonya mapema.

Pleti ya dawa

Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndipo jibu linapozaliwa.

Agari ni Mueller-Hinton, pH 7.2 hadi 7.4 ikiwa imepoa, unene wa milimita 4. Kwa pleti ya milimita 90 hiyo ni kama mililita 25. Pima kwa silinda, usimimine kwa macho. Ikiwa nene, dawa inazama chini badala ya kutambaa pembeni, duara tupu lisilo na bakteria kuzunguka diski linakuwa dogo, na stafi mnyonge (anayeuawa na dawa) anaonekana sugu. Ikiwa nyembamba, duara linavimba na sugu anaonekana mnyonge. Hili la pili ndilo linaloua, kwa sababu mgonjwa anapewa dawa isiyofanya kazi na karatasi yetu ikimtia moyo daktari. Meza ambayo haiko sawa hutoa pleti nene upande mmoja, na mtu anapima duara lenye umbo la yai bila kujiuliza. Weka pimamaji juu ya meza kabla ya kumimina.

Tope la bakteria lifanane na kipimo cha 0.5 cha McFarland, chupa ya kulinganishia uzito wa tope. Kinunuliwe, au kitengenezwe: mililita 0.5 za bariamu kloraidi ya asilimia 1.175 ndani ya mililita 99.5 za asidi ya sulfuriki ya asilimia 1, kihifadhiwe gizani na kitikiswe kila kabla ya kutumia. Koloni ziwe za saa 18 hadi 24, zichukuliwe moja kwa moja, zikorogwe kwenye maji ya chumvi, zilinganishwe mbele ya kadi nyeupe yenye mistari myeusi. Tope zito hutengeneza usugu wa uongo. Kuanzia hapo una dakika 15: chovya swabu, ikamue kwenye ukuta wa bomba, paka pleti yote mara tatu ukiizungusha nyuzi 60 kila mara, malizia ukingoni. Acha dakika 3 hadi 5 unyevu unyonywe. Weka diski, vituo vyake viachane milimita 24 au zaidi, zisizidi 5 kwenye pleti ndogo. Diski ikishagusa agari haihamishwi. Dawa imeshaanza kusambaa. Ndani ya dakika 15 pleti ziwe kwenye inkubeta, zimepinduliwa.

Diski za jamii ya penisilini huharibiwa na unyevu na joto. Akiba ikae kwenye friza, za matumizi ya wiki kwenye friji, zote na vifuko vya kunyonya unyevu. Kosa la kila siku ni kuitoa chupa kwenye baridi na kuifungua palepale: mvuke wa hewa unaganda juu ya diski na dawa inaanza kuoza. Iache ifikie joto la chumba, saa moja hadi mbili, ndipo uifungue. Umeme ukikatika usiku kucha, usikisie kama diski zimepona. Zipime kwa stafi wa udhibiti, ATCC 25923, ambaye jibu lake linajulikana. Kwa diski ya sefoksitini ya mikrogramu 30, duara lake lazima liwe milimita 23 hadi 29. Likiwa nje ya hapo, hakuna jibu la mgonjwa linalotoka siku hiyo, hata wodi ipige simu mara ngapi.

Kwa nini tunamsaka MRSA kwa sefoksitini na si methisilini? Methisilini haitengenezwi tena kwa tiba, na diski ya oksasilini huwapitisha wengi. MRSA ana tabia ya kujificha: chembe zote zina jeni, lakini chache tu ndizo zinaonyesha usugu kwa nguvu. Sefoksitini huiamsha mecA vizuri zaidi, na huwanasa hata wengi wenye mecC. Soma baada ya saa 16 hadi 18. Duara la milimita 21 kushuka ni MRSA, 22 kupanda si MRSA. Milimita moja inaamua matibabu, kwa hiyo tumia kalipa au rula safi, pleti ikiwa imeinuliwa juu ya kitu cheusi na taa ikitokea juu.

Joto la inkubeta lisizidi nyuzi 35. Maabara nyingi zina inkubeta moja, imewekwa 37 kwa kazi zote, na katika 37 baadhi ya MRSA hawaonyeshi usugu wao. Pleti ni safi, diski ni nzima, mikono ni mizuri, na bado jibu ni la uongo. Kama huwezi kupata inkubeta ya pili, ishushe hiyohiyo iwe 35. Bakteria wengine wa kawaida hawatagoma.

Sefoksitini ikisema ni MRSA, andika sugu kwa kloksasilini, amoksisilini yenye klavulaneti, seftriaksoni na meropenemu, hata kama diski zao zimetoa duara pana kwenye pleti ileile. Bado naona karatasi zenye "MRSA" juu na "seftriaksoni: inafaa" chini. Daktari wa zamu saa nane usiku atachagua ile seftriaksoni, na hana kosa, sisi ndio tumemwandikia. Katika jamii hiyo ya dawa, zinazoweza kumgusa MRSA ni chache mpya kama seftarolini na seftobiproli, ambazo hospitali nyingi za kwetu hazina.

Klindamaisini ina mtego wake. Weka diski ya erithromaisini ya mikrogramu 15 na ya klindamaisini ya mikrogramu 2, ukingo kwa ukingo milimita 15 hadi 26. Stafi akiwa sugu kwa erithromaisini, tazama duara la klindamaisini upande unaoielekea. Likiwa limebonyea bapa, mfano wa herufi D, andika sugu kwa klindamaisini. Bakteria huyo anayo jeni ya kubadilisha sehemu dawa inaposhika, imelala, na erithromaisini imeiamsha. Ukimpa mgonjwa klindamaisini, anaweza kupata nafuu siku chache kisha akarudi na stafi ambaye jeni hiyo hailali tena. Duara likiwa la mviringo kamili, klindamaisini itumike bila wasiwasi. Kuweka diski hizo mbali mbali kwenye pleti ni kuitupa taarifa hii bure.

Kwa kotrimoksazoli, ukungu hafifu ndani ya duara haupimwi, pima pale ukuaji ulipopungua kwa asilimia 80. Agari yenye thimidini nyingi huleta usugu wa uongo hapa.

Vankomaisini kwa diski, kwa stafi, isifanywe kabisa. Molekuli yake ni kubwa, hutambaa polepole, na diski haiwezi kumtofautisha anayeanza kuizoea na mnyonge. Inahitaji kipimo cha kiwango kidogo kabisa kinachozuia ukuaji: mikrogramu 2 kwa mililita kushuka inafaa, 4 hadi 8 ni kati, 16 kupanda ni sugu. Stafi wa kati alitangazwa Japani mwaka 1997, akiwa ameunenepesha ukuta wake. Sugu kamili alipatikana Michigan, Marekani, mwaka 2002, baada ya kupokea jeni za vanA kutoka kwa entarokoka. Tangu hapo wamebaki wachache mno duniani. Kwa hiyo kipimo chako kikionyesha stafi sugu kwa vankomaisini, kwanza rudia utambuzi, maana mara nyingi ni bakteria mwingine, au pleti imechanganyika, au kipimo chenyewe kimeharibika. Ikithibitika tena, mtenge mgonjwa, hifadhi bakteria, peleka maabara kuu ya taifa.

Kitandani

Jipu hutibiwa kwa kupasuliwa. Ndani ya mfuko wa usaha damu haifiki, dawa haifiki, na bakteria wengi wamelala bila kugawanyika, wakati dawa hizi huua anayejenga ukuta. Kutoa usaha wote na kuvunja vyumba vya ndani kwa kidole au koleo ndiyo tiba yenyewe. Dawa inaongeza kitu, lakini ijulikane ni kiasi gani. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2016, kwa majipu ya sentimita 2 na zaidi, lilipata waliopona asilimia 92.9 kwa kotrimoksazoli baada ya kupasuliwa, na 85.7 kwa waliopasuliwa wakapewa kidonge kisicho na dawa, kati ya waliofuata utaratibu. Yaani kisu peke yake kilibeba zaidi ya watu wanane katika kumi. Jipu la puani au mdomo wa juu lisibinywe nyumbani, kwani mishipa ya hapo huelekea kwenye ubongo.

Stafi kwenye damu ni jambo lingine kabisa. Asihesabiwe uchafu wa ngozi hata akiota kwenye chupa moja tu kati ya mbili. Uchafu mara nyingi ni ndugu zake wasio na koagulasi. Mtu mzima achotwe mililita 8 hadi 10 kwa kila chupa, sehemu mbili tofauti za mwili, ngozi ikiwa imepakwa na kukauka. Kisha damu irudiwe kila siku moja au mbili hadi isioteshe kitu, moyo upigwe picha ya mawimbi, chanzo kitafutwe na kusafishwa, na siku zisizopungua 14 za dawa ya mshipa zihesabiwe kuanzia damu ya kwanza iliyo safi. Kuhesabu kuanzia siku ya kulazwa ndiko kunakorudisha watu wodini.

Naomba pia tuachane na fikra ya "dawa kali". Kwa stafi asiye MRSA, kloksasilini ya mshipa au sefazolini inaua haraka na vizuri kuliko vankomaisini. Anayeacha vankomaisini iendelee baada ya jibu kutoka, kwa sababu inaonekana kubwa, anampa mgonjwa tiba dhaifu zaidi pamoja na mzigo wa figo. Kuongeza rifampisini hakukusaidia katika jaribio la Uingereza la mwaka 2018 lililokuwa na wagonjwa 758 wenye stafi kwenye damu. Na ikitumika peke yake, badiliko moja tu la jeni linatosha kuishinda. Katika nchi zenye kifua kikuu kama zetu, dawa hiyo ilindwe kwa nguvu zote.

Kabla ya upasuaji mkubwa, pua zinaweza kusafishwa. Jaribio la Uholanzi la mwaka 2010 liliwatafuta wabebaji wa stafi, likawapaka mupirosini ya asilimia 2 puani mara mbili kwa siku kwa siku 5, na kuwaogesha kwa sabuni ya kloreksidini. Maambukizi ya stafi yalishuka kutoka asilimia 7.7 hadi 3.4. Siku 5 zinatosha. Mupirosini inayopakwa miezi juu ya vidonda huzaa usugu wake yenyewe. Mikono inabaki kuwa njia kuu, na kipakazi cha mikono kinatengenezeka hospitalini: ethanoli ya asilimia 96 mililita 8333, haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 mililita 417, gliseroli ya asilimia 98 mililita 145, jazia maji yaliyochemshwa na kupoa hadi lita 10, funga, acha saa 72 kabla ya kutumia.

Kujumlisha

Majibu yakikusanyika mwaka mzima, hospitali hutaka asilimia ya MRSA, na wizara inazihitaji kwa mpango wa usugu wa vimelea dhidi ya dawa. Hesabu bakteria wa kwanza wa kila mgonjwa tu. Mgonjwa mmoja aliyelazwa miezi miwili na kuoteshwa mara sita atapandisha usugu wa hospitali nzima. Chini ya stafi 30, andika idadi, usiandike asilimia. Tenganisha wa damu na wa usaha, wa waliotoka nyumbani na wa waliokaa wodini zaidi ya siku mbili. Na ueleze wazi nani anaoteshwa: pale ambapo sampuli huletwa dawa tatu zikishashindwa, asilimia inayotoka ni ya walioshindwa, haiwezi kumchagulia dawa mtoto anayefika leo asubuhi na jipu lake la kwanza. Suluhisho ni kuchagua wodi moja na kuotesha kila jipu linalopasuliwa hapo kwa miezi mitatu mfululizo, aliyemeza dawa na asiyemeza, kisha kuhifadhi kila stafi kwenye mchuzi wenye gliseroli asilimia 20 katika nyuzi 80 chini ya sifuri, ili pleti yenye utata iweze kurudiwa.